Udongo wa Mwalimu Mwamvita

Kwa wazazi wa Mafiga, siku ya kwanza ya shule ilikuwa siku ya Mwalimu Mwamvita. Hakuna aliyewahi kulitangaza jambo hilo, lakini ndivyo watu walivyolichukulia. Mwamvita binti Mwinshehe alikuwa mwalimu wa darasa la awali katika shule moja ya msingi pale mtaani, na alikuwa amelishika darasa hilo muda mrefu mno. Baadhi ya akina mama waliomletea watoto wao walikuwa wenyewe wamewahi kulilia mikononi mwake.

Kila Januari alisimama getini na gauni lake la kitenge, akimpokea mtoto mmoja mmoja kutoka mkononi mwa mzazi. Alikuwa anainama, anamuuliza mtoto jina sikioni kama vile wanaambizana siri, kisha anamtuma ndani. Saa ya uji ikifika, anawajua wote. Akisema, "Wewe Selemani, chomoa kidole puani," Selemani anashangaa kajulikanaje, na akina mama waliobaki kuchungulia dirishani wanacheka. Hapo ndipo Mwamvita alipokuwa anajisikia mtu. Mwaka wenyewe ulikuwa na siku nyingi za kuchosha, mahudhurio na vikao na chaki zisizotosha, lakini siku ile moja ilikuwa yake.

Kwa hiyo kikao cha Desemba, kabla ya kufunga shule, kilimkuta hajajiandaa.

"Mwakani watoto wa awali ni wengi," alisema mwalimu mkuu, Mwalimu Felista. "Tutakuwa na mikondo miwili. Mkondo A ni wa Mwalimu Mwamvita kama kawaida. Mkondo B atauchukua Mwalimu Winfrida. Na shughuli za siku ya kwanza, nimemwomba Winfrida ndiye azipange. Ametoka chuoni juzi, ana mambo mapya. Mama yetu atamsaidia."

Walimu wakapiga makofi. Mwamvita naye akapiga, tena kwa nguvu, huku akimtazama Winfrida akiinama kwa aibu pale kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa msichana mwembamba kutoka Bukoba, amepanga chumba Kilakala, na hiyo ndiyo ilikuwa ajira yake ya kwanza. Mwamvita hakuwa na neno naye kabla ya siku hiyo. Siku za mwanzo alimgawia hata chai yake kwenye chupa. Sasa neno moja tu lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki: atamsaidia.

Nyumbani alimsimulia mumewe. Mzee Nassoro alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha nguo, sasa anafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba.

"Si vizuri?" alisema Nassoro, akiwamwagia kuku pumba. "Wamekupumzisha, mama Zai."

"Nani aliomba kupumzishwa?"

Nassoro akawageukia kuku wake. Alimjua mkewe.

Walikuwa wanaishi na mjukuu wao, Aisha, mtoto wa binti yao Zaituni aliyekuwa karani huko kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero. Aisha alikuwa ndiyo kwanza anafikisha umri wa kuanza awali. Mwamvita alikuwa amemlea tangu anatambaa. Alimsuka nywele kila Jumamosi, akamfundisha kuhesabu kwa punje za mahindi, na kichwani mwake alikuwa ameshaiona siku ile ya Januari: mjukuu wake mstari wa mbele, yeye mbele ya darasa.

Siku ya pili yake, kikao kikiwa hakijapoa, mwalimu mkuu akamwita pembeni. "Aisha nimemuweka mkondo B. Si vizuri mtoto kufundishwa na bibi yake, watu watasema." Mwamvita akajibu kwamba ni sawa, hata yeye alikuwa anafikiria hivyo hivyo. Uongo mtupu. Lakini kilichomuuma zaidi kilikuja alipompa Aisha habari hiyo. Mtoto aliruka, akapiga vigelegele, akakimbia uani kumwambia babu yake: "Nitakaa kwa Mwalimu Win! Nitakaa kwa Mwalimu Win!" Alikuwa amemwona Winfrida mara moja tu, kwenye mahafali ya darasa la saba, akiimba.

*

Likizo ilipoanza, Winfrida akawa anakuja nyumbani kwa Mwamvita kuipanga ile siku ya Januari. Anafika kibarazani na mfuko wa rambo uliojaa makatoni yaliyokatwa, vizibo vya soda, kamba na gundi, anasema, "Shikamoo mama," anavua viatu na kukaa chini mkekani bila kungoja kuletewa kiti. Hata hilo lilimkera Mwamvita. Mtu anayekaa mkekani mwako vile, unamchukia vipi?

"Nimewaza hivi, mama," alisema Winfrida siku ya kwanza. "Watoto wanalia kwa sababu mzazi anawatoka ghafla. Sasa tufanye getini pawe stesheni. Wazazi wanakuja kusindikiza abiria. Watoto wanashika kamba, wanakuwa mabehewa. Treni inapiga honi, wazazi wanapunga mkono, treni inazunguka uwanja, inapita jikoni kwa wapika uji, inaenda mpaka Kingolwira. Kingolwira ndiyo darasani. Mtoto akishakuwa behewa hana muda wa kulia."

Mwamvita alihisi kitu kinamchoma chini ya mbavu. Wazo lilikuwa zuri. Angeliwaza yeye, angekuwa ameshalisimulia mtaa mzima.

"Watachanganyikiwa," alisema. "Kuna watoto hawajawahi kuona treni."

"Wataiona siku hiyo," alisema Winfrida akitabasamu. "Na wewe mama utakuwa mkuu wa stesheni. Unampokea mtoto pale getini kama unavyofanya siku zote, unamuuliza jina, unampa tiketi yake. Hilo hakuna mwingine anayeliweza."

Mtu mwingine angeona kwamba binti yule alikuwa amekaa chini akatafuta namna ya kumwachia mwenzake nafasi yake. Mwamvita alisikia kitu kingine kabisa. Alisikia kwamba amewekwa getini kukata tiketi, treni yenyewe ikaendeshwa na mwingine.

Tiketi zenyewe zilikuwa na picha za matunda, maana watoto hawajui kusoma. Mwenye fenesi atatundika mkoba wake kwenye msumari wenye picha ya fenesi, mwenye stafeli kwenye stafeli. Aisha alipewa kazi ya kupaka rangi. Alilala kifudifudi mkekani, ulimi nje, akipaka nanasi rangi ya zambarau, na Winfrida hakumwambia kwamba hakuna nanasi la zambarau. Mwamvita ndiye aliyemwambia. Aisha akakasirika, akahamia upande wa pili wa mkeka, mgongo kwa bibi yake.

Baada ya treni ilitakiwa iwepo michezo mezani: maharage ya kupanga, mchanga na maji, na udongo wa kufinyanga. Hapo Winfrida akakwama.

"Nimejaribu udongo wa huku bondeni, una mchanga. Ukikauka unapasuka, vitu vyote walivyotengeneza vinavunjika."

"Udongo uko kwetu juu, Kinole," alisema Mwamvita, na kwa mara ya kwanza tangu kikao kile sauti yake ikachangamka. "Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Kuna sehemu kando ya kijito, udongo wake ukiushika unateleza kama siagi. Nitauleta mimi. Wa madarasa yote mawili."

"Kweli mama?" Winfrida akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Basi umeniokoa."

Na Mwamvita alimaanisha alichosema. Hilo lazima lisemwe. Siku aliyopanda pikipiki kwenda Kinole, alikwenda kwa nia safi.

*

Dada yake, Mariamu, alikuwa bado anaishi kwenye nyumba ya mama yao, juu kabisa ya mteremko wa migomba, ambapo karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye jamvi na harufu yake ikimpokea mtu tangu njiani. Walishuka kijitoni wote wawili, wakakunja khanga, wakachimba. Mariamu alikuwa mkubwa lakini ndiye aliyekuwa na nguvu. Waliukanyaga udongo kwa miguu, wakichambua vijiwe, kama walivyofanya walipokuwa wasichana.

"Na huyo mwalimu mpya yukoje?" aliuliza Mariamu.

"Yupo."

"Yupo vipi?"

"Mtoto wa watu. Anajua kuimba. Anajua kukata makaratasi. Mwalimu mkuu akimwona anasahau kama sisi wengine tupo."

Mariamu aliacha kukanyaga. "Unamwonea kijicho."

"Mimi? Nimwonee kijicho mtoto wa kumzaa?"

"Hata udogoni. Mama akikisifia chungu changu, wewe chako unakikanyaga."

"Nilikuwa mtoto."

"Haya," alisema Mariamu, na akaendelea kukanyaga. Mwamvita hakupenda ile "haya."

Walijaza viroba viwili vizuri, wakavifunga kwa kamba za mgomba, na kijana wa pikipiki akavifunga nyuma ya kiti. Njiani kushuka mjini hasira zilimwisha. Upepo ulikuwa mzuri, mji umetandazwa chini, na akaanza kuwaza namna Winfrida atakavyofurahi, na namna yeye atakavyosema, "Si nilikuambia?"

Pikipiki ilipokaribia nyumbani alisikia vicheko kabla hajaona watu. Akamwambia kijana apunguze mwendo. Kupitia ua wa michongoma aliona kibaraza chake. Mzee Nassoro amekaa kwenye kiti chake, anacheka mpaka anajipangusa macho. Winfrida amekaa mkekani. Na katikati ya magoti ya Winfrida amekaa Aisha, kichwa amekiinamisha, anasukwa.

Ilikuwa Jumamosi.

Nusu ya kichwa ilikuwa imeshamalizika, mistari myembamba iliyonyooka, mizuri kuliko aliyowahi kuisuka Mwamvita kwa vidole vyake vilivyoanza kuuma. Aisha alikuwa ametulia tuli. Kwa bibi yake mtoto huyo alikuwa hatulii hata kidogo, analia, anavuta kichwa, anataka maji. Sasa alikuwa kama paka aliyekunwa shingo.

Moyo wa Mwamvita ulifanya kitu ambacho hata yeye baadaye hakuweza kukieleza vizuri. Ulijifunga. Alimgusa kijana wa pikipiki begani. "Zungukia nyuma," alisema kwa sauti ya chini. Wakavishusha viroba kwenye kibanda cha kuku, akavifunika kwa magunia ya pumba. Kisha akanawa mikono bombani, akasugua udongo kwenye kucha, akatokea kibarazani kwa mlango wa ndani.

"Shikamoo mama! Pole na safari," alisema Winfrida. "Umefanikiwa?"

"Marahaba. Mvua za juu zimekata njia, mwanangu. Kijito kimejaa, hata pa kuchimba hapaonekani. Nimerudi mikono mitupu."

Vidole vya Winfrida vikasimama kwenye nywele za Aisha. Halafu akasema, "Basi. La muhimu umerudi salama. Nitakanda unga wa ngano na chumvi, niweke rangi za keki. Tulifundishwa chuoni."

"Msalimie Bibi, amefika," Nassoro alimwambia Aisha, maana mtoto alikuwa hajainua hata kichwa kumsalimia.

*

Siku ya kwanza ya shule ilipambazuka na wingu zito juu ya milima na joto la kunata. Mwamvita alikuwa amefika mapema kuliko wote, akasaidiwa na mlinzi kuingiza kiroba kimoja darasani kwake. Winfrida alipochungulia mlangoni na kuuona udongo mezani, macho yalimtoka.

"Mama, umepatikana?"

"Kidogo tu. Nimempata mama mmoja sokoni jana jioni. Hautoshi madarasa mawili, ungetosha ningekuambia."

"Hamna shida," alisema Winfrida, na akaenda zake kufunga kamba ya treni. Mwamvita aligundua kwamba uongo wa pili haukumpa tabu hata kidogo. Ulitoka wenyewe.

Wazazi wakaanza kufika, na stesheni ikafunguliwa. Mwamvita alisimama getini akapokea watoto, akauliza majina, akagawa tiketi. Walikuwepo wa kulia, wa kung'ang'ania sketi za mama zao, na mmoja aliyelala chini kabisa kwenye vumbi. Winfrida alikuja na filimbi shingoni na kofia ya katoni kichwani. Akawashikisha kamba, akapuliza, na behewa la kwanza likaondoka likifuatiwa na la pili. "Puu! Kuaga ni sasa hivi, abiria!" Wazazi wakapunga mikono wakicheka. Treni ikazunguka uwanja, ikapita jikoni ambako wapika uji walipiga sufuria kwa miiko, ikarudi, ikachukua wengine. Yule wa kwenye vumbi aliinuka mwenyewe. Akajipangusa, akakimbia kushika kamba.

"Huyu binti jamani," alisema mama mmoja karibu na Mwamvita. "Hatujawahi kuona kitu kama hiki hapa."

Mwamvita alimtambua. Alikuwa amemfundisha. Alikuwa amembeba mgongoni siku ya kwanza kwa sababu alikataa kushuka. Hatujawahi kuona kitu kama hiki. Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Lakini darasani mambo yakageuka upande wake. Watoto wa mkondo A waliukuta udongo, na udongo wa Kinole ulikuwa kama alivyousema. Walifinyanga vikombe, nyoka, pikipiki, mtu na mbuzi wake. Chumba kikawa kimya, kile kimya cha watoto wanaofanya kazi. Wazazi waliokuwa wanapita wakasimama dirishani. "Huyu ndiye Mwalimu Mwamvita bwana," alisema mmoja.

Upande wa pili wa ukuta, kwa Winfrida, unga ulikuwa umelainika kwa lile joto ukawa kama uji mzito. Ulishika mikononi, kwenye mashati mapya, kwenye nywele. Kisha watoto wakagundua kwamba unalika. Mmoja alilamba, wenzake wakafuata, na mtoto mmoja anayeitwa Issa alikula bonge zima la kijani, akakaa kidogo, akatapika kwenye sketi ya mwalimu. Wengine walipoona wakaanza kulia, na kilio cha watoto wa awali kikishaanza, hukizimi kwa filimbi.

Mwamvita alisikia yote hayo kupitia ukutani. Aliendelea kumsaidia mtoto kuweka mkia kwenye mbuzi, na ndani yake alikuwa na furaha. Ilikuwa furaha kweli, ya moto, kama mtu aliyekunywa chai ya tangawizi. Sasa na waone, alijisemea. Na waone nani anajua watoto.

Wakati wa uji walimu wawili walikutana barazani. Winfrida alikuwa ameosha sketi, imelowa upande mmoja, na macho yake yalikuwa mekundu. Aisha alikuwa amemshika mkono.

"Pole," alisema Mwamvita.

"Asante mama. Nilikosea kwenye ule unga."

Ndipo Mariamu alipotokea getini. Alikuwa ameshuka kutoka Kinole na mkungu wa ndizi kichwani, maana asingekubali mtoto wa Zaituni aanze shule yeye asione. Akatua mkungu, akamkumbatia Aisha, akasalimiwa na Winfrida kwa shikamoo na kupiga goti kidogo.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwalimu wa Aisha? Haya niambie, ule udongo wetu umetosha? Viroba viwili vile, tuliukanyaga mpaka miguu ikatuuma. Nilimwambia Mwamvita, ukipungua mtume kijana, nichimbe mwingine. Kijito chenyewe kimekauka, ni kuchota tu."

Mwamvita alitazama mkungu wa ndizi. Winfrida alimtazama Mariamu, kisha akamgeukia mwenzake polepole.

"Viroba viwili," alisema.

"Winfrida..."

"Uliniambia njia imekatika." Sauti yake haikupanda. "Leo asubuhi ukaniambia umenunua sokoni. Ungeniambia tu hutaki, mama. Ungesema hutaki, ningeelewa. Nimekaa kwenu mwezi mzima. Nimekula chakula chenu. Nikimpigia mama yangu simu Bukoba namwambia, huku nimepata mama."

Alimwachia Aisha mkono, akarudi darasani kwake, na mlango ukafungwa.

Mariamu alikuwa ameshaelewa. Alianza kuchuma ndizi kwenye mkungu, akawa anawagawia watoto waliokuwa wanapita, na ukimya wake ulimwumiza Mwamvita kuliko tusi.

Aisha ndiye aliyeuliza. "Bibi, uliuficha udongo?"

Mwamvita alitaka kusema kitu kingine. Maneno ya uongo yalikuwepo, yamejipanga, yanangoja zamu. Akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Niliuficha."

"Kwa nini?"

"Nilimwonea wivu mwalimu wako."

Aisha alifikiri. "Kwa sababu ananisuka vizuri?"

"Ndiyo. Na kwa sababu nyingine."

"Mimi nilimwonea wivu Regina viatu vyake, nikavikanyaga," alisema Aisha. "Mwalimu kaniambia nimpangusie." Akamenya ndizi yake, akaona maneno yameisha.

*

Mwamvita alimtuma mlinzi nyumbani akachukue kile kiroba cha pili, na yeye mwenyewe akabeba nusu ya udongo wa darasani kwake kwenye beseni. Alibisha hodi mkondo B. Watoto walikuwa wameketi sakafuni, wengine bado wana kwikwi, Winfrida anawaimbia kwa sauti iliyokwaruza.

"Weka hapo," alisema Winfrida bila kumtazama.

Akaweka. Akasimama kidogo, akidhani labda ataambiwa kitu. Hakuambiwa. Alipokuwa anatoka watoto wakauvamia udongo, na kelele ya kilio ikageuka kuwa kelele nyingine kabisa, ile anayoipenda kila mwalimu.

Mchana alikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu, akafunga mlango, akaeleza kila kitu, tangu kibanda cha kuku hadi lile la sokoni. Mwalimu Felista alimsikiliza akichezea kalamu.

"Mimi nilidhani nakupunguzia mzigo," alisema hatimaye.

"Hukuniuliza."

"Ni kweli, sikukuuliza. Hilo ni langu. Lakini hili la udongo ni lako."

"Ni langu. Naomba mwakani pia siku ya kwanza aipange yeye. Na safari hii usiseme nitamsaidia. Niulize kama nataka."

Felista alicheka kidogo bila kutaka. "Na utataka?"

"Sijui," alisema Mwamvita, na huo ulikuwa ukweli.

Alimwomba Winfrida msamaha siku iliyofuata, chumba cha walimu, mbele ya wenzao, kwa sababu aliona akifanya faraghani atakuwa anajificha tena. Winfrida alisikiliza mpaka mwisho. "Nimekusikia, mama," alisema. "Ila bado naumia. Nipe muda." Akachukua chaki zake, akaenda darasani. Walimu wengine wakainamia madaftari yao.

Muda aliouomba ulikuwa mrefu. Januari ikapita, Februari ikaingia. Walisalimiana, waligawana mafagio na maji ya kunawa, basi. Kibarazani Mafiga mkeka ulikunjwa. Aisha alisukwa na bibi yake, akalia kama zamani, akavuta kichwa. Mzee Nassoro alipouliza kwa nini mwalimu haji tena, Mwamvita alimweleza na yeye pia, na Nassoro akaenda kuwatazama kuku wake kwa muda mrefu.

Wivu wenyewe haukuondoka kwa kuungama. Hilo lilimshangaza Mwamvita. Alikuwa anapita kwenye dirisha la mkondo B, anasikia wimbo, na pale chini ya mbavu panachoma vilevile. Tofauti ni kwamba sasa alikuwa analijua jina lake. Siku moja badala ya kupita alisimama. Wimbo ulipoisha akaingia, akakaa kwenye kiti kimoja cha watoto, magoti yakimgusa kidevu, akasema, "Mwalimu, nifundishe na mimi huo, wa kwangu wanaudai." Watoto wakacheka kuona mwalimu anafundishwa. Winfrida alisita. Kisha akaimba ubeti wa kwanza, taratibu, akirudia pale Mwamvita alipokosea.

Idi ya Machi ilipofika, Mwamvita alipika pilau, akamwomba Nassoro ampigie Winfrida simu kumkaribisha, maana yeye aliogopa kukataliwa. Mchana Winfrida akatokea, amejifunga mtandio kichwani, mkononi ana soda za watoto. "Shikamoo mama. Idi njema." Akavua viatu. Akakaa mkekani.

Lile la udongo hawakulizungumza tena. Walizungumza habari za Issa, ambaye sasa alikuwa anaandika jina lake lakini kwa kuanzia nyuma, na habari za uji usio na sukari. Aisha alikuja mbio kutoka kwa jirani na gauni lake jipya. Alimpita bibi yake aliyekuwa amemnyooshea mikono, akajitupa mapajani kwa mwalimu wake.

Ilimchoma. Hata siku hiyo, ilimchoma. Mwamvita alirudisha mikono yake taratibu, akaitazama sahani ya mgeni, akaona nyama imekwisha. Akainuka kwenda jikoni kumwongezea, na alipofunua sufuria alichagua vile vipande vizuri vya kwenye mfupa, alivyokuwa amejiwekea mwenyewe.